Plau limelishinda trekta, lawama kabeba mdogo wangu

Shikamoo Fundi,

Mimi na mdogo wangu tumenunua trekta la nguvu za farasi 50, lililokwishatumika, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Trekta lilitangulia, plau tukalifuata baadaye. Aliyetuuzia plau alituuliza swali moja tu: trekta lenu farasi ngapi? Tulipomjibu akahesabu kwa vidole: farasi kumi na tano kwa kila bawa, basi mabawa matatu yanawatosha na chenji inabaki. Ni plau la mabawa ya kupindua udongo, si la diski, na kila bawa linakata inchi 14. Akatufanyia majaribio pale pale nyuma ya uwanja wake, kichanga kitupu, trekta likalivuta kama linavuta ufagio. Tukalipa.

Shambani mambo yakageuka. Sehemu kubwa ya shamba letu ni mfinyanzi mweusi, ule unaonata mvua ikinyesha na kufanya nyufa za kuingiza mkono jua likiwaka. Mdogo wangu ndiye dereva. Alishusha plau, trekta likaenda kama hatua ishirini, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale yakijichimbia. Akilinyanyua plau kidogo, trekta linaenda. Akilishusha, linakwama. Pua nayo ikawa inanyanyuka hadi usukani unakuwa mwepesi kama umeshikilia hewa.

Jirani yetu, mkulima wa siku nyingi, akatuambia tujaze maji kwenye matairi ya nyuma. Tukajaza, tukaongeza na vyuma. Kweli, kuteleza kulipungua. Lakini sasa inayolia ni injini: moshi mweusi, mlio unashuka, na mara mbili imezimika katikati ya mfuo. Mfuo wenyewe haulingani, bawa la mbele linachimba shimo, la nyuma linakwaruza tu.

Nimemwambia mdogo wangu maneno makali, kwamba hajui kuendesha na ataliua trekta. Yeye anasema trekta ni dogo, tuliuze, tukope tuchukue la farasi 80. Tangu juzi tunasalimiana kwa kumwogopa mama tu. Nauliza hivi: muuzaji alitudanganya? Tuongeze uzito zaidi? Au kweli tukope?

Mwenye trekta lisilolima

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonirudisha ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: mlipoongeza uzito, kuteleza kulipungua, injini ikaanza kulia. Jibu umeniletea mwenyewe.

Trekta linalolima lina mahali pawili pa kushindwa. Pa kwanza ni kwenye injini. Pa pili ni pale tairi linapokutana na udongo. Mwanzoni trekta lenu lilikuwa jepesi, kwa hiyo tairi liliachia kabla injini haijaonja mzigo. Mlipolitia maji na vyuma, tairi likang'ang'ania, mzigo wote ukapanda hadi juu, injini ikasalimu amri. Ugonjwa haukupona, ulihama chumba. Na mzigo unaoshinda tairi, kisha ukashinda na injini, huo ni mkubwa mno. Plau lile ni kubwa, kwa trekta lile, kwenye udongo ule. Usiache hata moja kati ya hayo matatu, maana muuzaji wenu aliacha la tatu.

Sidhani alikusudia kuwadanganya. Hiyo hesabu ya farasi kumi na tano kwa bawa inazunguka siku nyingi, na kwenye kichanga chake ilikuwa kweli kabisa. Wahandisi wa kilimo wa Marekani wana kanuni ya kukadiria plau linahitaji kuvutwa kwa nguvu kiasi gani, ukizingatia udongo, upana, kina na mwendo. Nimeliingiza plau lenu humo: mabawa matatu ya inchi 14 ni upana wa sentimita 105 hivi, kina nikaweka sentimita 20, mwendo kilomita 6 kwa saa. Kwenye kichanga linataka mvuto wa kilo 800. Kwenye tifutifu, kilo 1,250. Kwenye mfinyanzi, karibu kilo 1,800. Plau lile lile, dereva yule yule! Ni makadirio, na ukavu wa ardhi peke yake unaweza kuyasogeza mbali, lakini tofauti ya zaidi ya mara mbili kati ya uwanja wa muuzaji na shamba lenu haifutiki kwa ubishi.

Sasa tuje kwenye ile namba ya kwenye boneti, maana ndiyo iliyowaponza. Farasi 50 ni nguvu ya injini. Kabla haijafika kwenye plau inapita kwenye giaboksi, kwenye difu, kwenye tairi linalobonyea, kwenye udongo unaodidimia, na kila mmoja anachukua ushuru wake. Trekta la kusukuma nyuma tu, kwenye ardhi ngumu yenye mabua, hufikisha kwenye plau kama nusu ya nguvu ya injini, asilimia 60 likibahatika. Mimi hupigia 55. Kwenu hiyo ni farasi 27. Na mkiwa mnalima kwenye mwinuko, na injini haina tabochaja, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, punguza tena karibu asilimia 3 ya nguvu ya injini kwa kila mita 300 za kupanda. Ugomvi wa namba hizi ni wa zamani. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska huko Marekani lilitunga sheria trekta lisiuzwe kwa wakulima wake bila kupimwa, kwa sababu watu walikuwa wakinunua nguvu zilizoko kwenye matangazo tu. Upimaji ukaanza 1920. Kama modeli ya trekta lenu iliwahi kupimwa huko, tafuta ripoti yake, usome mstari wa nguvu ya kuvuta, ule wa injini uuruke.

Mvuto ukiuzidisha na mwendo unapata nguvu. Mabawa yenu matatu kwenye mfinyanzi, kwa kilomita 6 kwa saa, yanataka farasi 39 zifike kwenye plau. Mnazo 27. Kwenye kichanga yalitaka 18, ndiyo maana mliona ufagio. Ukitoa bawa moja, yakabaki mawili, mfinyanzi ule ule unataka 26. Imeingia, ila kwa kubana.

Kwa hiyo fungueni bawa la nyuma. Kwenye maplau mengi ya aina hii limefungwa kwa bolti ili litoke. Kama lenu fremu yake imechomelewa nzima, msikate. Tafuteni mwenye plau la mabawa mawili anayetaka la matatu, mbadilishane. Mkifungua, angalieni ile fito ya chuma ya ubavuni inayoegemea ukuta wa mfuo. Mara nyingi ya bawa la mwisho huwa ndefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayolizuia plau lote lisiende mrama. Ihamisheni kwenye bawa litakalobaki mwisho. Tazameni pia upana wa magurudumu. Bawa lililotoka ni lile la upande wa ardhi isiyolimwa, kwa hiyo katikati ya mzigo pamesogea kuelekea gurudumu linalotembea kwenye mfuo. Msipoyasogeza magurudumu ya nyuma ndani kidogo, kama kitabu cha trekta kinavyoruhusu, dereva atashinda siku nzima akipigana na usukani.

Najua utakaloniuliza: si tuingize gia nzito tu, tuende polepole na mabawa yetu matatu? Hoja hiyo ni nzuri nusu. Kwenda polepole kunaipumzisha injini kweli, kwa sababu nguvu inayotakiwa inashuka pamoja na mwendo. Lakini mvuto haushuki kwa kiasi hicho. Hata mkitambaa kwa kilomita 3.5 kwa saa, plau lile kwenye mfinyanzi bado linataka kilo zaidi ya 1,500, na hapo anayejibu ni tairi. Tairi kwenye ardhi ngumu ya shamba huvuta karibu nusu ya uzito uliolikalia, sana sana. Trekta la ukubwa wa lenu, ukijumlisha na plau linaloning'inia nyuma, linaweza kuwa na kama kilo 2,000 juu ya ekseli ya nyuma wakati wa kulima. Nusu yake ni elfu moja. Kwa maji na vyuma vyenu labda mmefika uwezo wa kuvuta 1,200. Elfu moja na mia tano hamzifikii. Mabawa mawili kwa kilomita 6 yanataka 1,190 hivi, na mkipunguza kina hadi sentimita 18, yanataka 1,070. Unaona jinsi sentimita mbili zilivyo na thamani.

Jirani yenu basi hakukosea. Maji yabaki. Ila kwa swali lako la pili jibu langu ni hapana, msiongeze hata kilo moja kabla hamjapima kuteleza, na kupima hakuhitaji mashine. Chora alama ya chokaa ubavuni mwa tairi la nyuma. Nyanyueni plau, trekta litembee juu ya ardhi ile ile hadi alama izunguke mara kumi, mpime kwa hatua au kamba mmekwenda umbali gani. Tuseme mita 40. Kisha shusheni plau, mlime kwa kina chenu cha kawaida, mhesabu tena mizunguko kumi. Mkipata mita 35, mmepoteza 5 katika 40, asilimia 12 na nusu, na hapo ni pazuri kabisa kwa trekta la kusukuma nyuma. Kati ya 10 na 15 kaeni kimya mlime. Mkipata mita 29, zaidi ya robo ya safari mmeifanya mahali pamoja mkitafuna tairi na dizeli. Na ikishuka chini ya 8, trekta limekuwa zito mno, toeni vyuma. Watu hawapendi kusikia hilo la mwisho. Wanadhani tairi lisiloteleza kabisa ndilo zuri. Kuteleza kidogo ni fyuzi ya giaboksi: ukiifunga kwa uzito, kitakachokatika safari ijayo ni kitu cha ndani kwenye difu. Pia gurudumu moja linapita chini kabisa ndani ya mfuo, pale ambapo plau halitarudi kufumua, na uzito wote mnaouongeza linaushindilia huko.

Pua inayonyanyuka nayo si ya kuchekea. Mbele pasibaki na chini ya moja ya tano ya uzito wote wa trekta, la sivyo usukani hauongozi kitu. Vyuma vichache vya mbele vinafaa hapo, tena vikae mbele kweli, visiwe juu ya ekseli ya nyuma kwa jina la kuongeza uzito. Plau dogo litasaidia zaidi kuliko vyuma hivyo.

Haya, sasa kosa la dereva, maana lipo, ingawa ni dogo kuliko ulivyolikuza. Bawa la mbele likichimba na la nyuma likikwaruza, plau limeinamisha pua. Mkono wa juu wa kufungia plau, ule wenye skrubu ya kurefusha na kufupisha, ni mfupi mno. Urefusheni nusu mzunguko, mlime hatua thelathini, mteremke mpime kina cha kila mfuo kwa kijiti, mrudie. Msigeuze mizunguko mitatu kwa hasira. Mkipatia, ile fito ndefu ya ubavuni itaacha alama nyepesi kwenye sakafu ya mfuo. Ikiacha mtaro, mmepitiliza kwa upande wa pili, yaani mkono umekuwa mrefu mno na plau linakalia kisigino.

Na muulize mdogo wako anatumia mkono gani wa lifti. Matrekta mengi yana namna mbili za kushikilia plau: moja inalifunga kwenye kimo kimoja tu, nyingine inasikiliza mzigo. Hiyo ya pili ndiyo ya kulimia na plau la mabawa. Udongo ukiwa mgumu ghafla, plau linausukuma ule mkono wa juu, haidroliki inahisi, inalinyanyua plau kidogo, na katika kulinyanyua sehemu ya uzito wa plau na udongo inahamia kwenye magurudumu ya nyuma wakati ule ule mshiko unapohitajika. Ni kazi ya Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini, na trekta lililoitangaza kwa wengi ni lile alilotengeneza pamoja na Henry Ford mwaka 1939, jepesi, la bei ya mkulima mdogo, likilima na mabawa mawili. Nimewaona madereva wa miaka ishirini ambao mkono huo hawajawahi kuugusa, wanadhani umeharibika. Anachofanya mdogo wako, kulinyanyua plau kidogo kila linapokwama, ndicho mtambo ule ungemfanyia, kwa kipimo kidogo zaidi na mapema zaidi. Silika yake ni sahihi. Hajaonyeshwa tu mkono wa kushika.

Hukusema kama plau ni jipya. Kama ni jipya, kwanguweni rangi yote kwenye mabawa kabla ya kuingia mfinyanzini, vinginevyo udongo utaganda juu yake na mtakuwa mnavuta tofali. Mabawa yanatakiwa yang'ae kama sufuria iliyosuguliwa. Mkimaliza msimu, yapakeni grisi yasile kutu. Kama plau limetumika, angalieni nyembe, zile ncha za chini zinazokata. Zikishakuwa butu na za mviringo hazijiingizi tena ardhini, mvuto unapanda, na dereva anadhani trekta limechoka.

Halafu kuna zile nyufa za kuingiza mkono. Mwanangu, udongo uliofika huko umeshakuwa ukuta, na kwa trekta la farasi 50 siku ya kulima imepita. Usiende pia ukiwa unanata. Chimba hadi kina cha plau, bana donge kiganjani, lisukume kwa kidole gumba. Likivunjika vipande, lima leo. Likinyooka kama unga uliokandwa, subiri. Kwenye mfinyanzi mweusi siku hizo nzuri ni chache, na hapo ndipo unapolipa au kuvuna.

Tumalizie la mkopo. Mdogo wako hakubahatisha. Farasi 39 kwenye plau, kwa hesabu yangu ya 55 kwa mia, zinataka injini ya farasi 71, kwa hiyo trekta la 80 lingelivuta plau lenu mfinyanzini bila kelele, mradi nalo liwe na uzito wake. Lakini tazama mnachokinunua. Kwa karatasi, mabawa matatu kwa kilomita 6 yanalima ekari moja na nusu kwa saa. Yenu, kwa kuteleza robo na zaidi, hata tukijifanya injini haijazimika, yanalima 1.1. Mabawa mawili yakiteleza asilimia 12 yanalima 0.9. Zote ni kabla ya kugeuza mwisho wa shamba. Hiyo 0.2 mnayoipoteza mnaifidia mara ya kwanza trekta linapozimika na mnapoanza kuchimbua magurudumu. Kwa hiyo limeni msimu mmoja na mabawa mawili, mwandike kila siku ekari na lita za dizeli. Mkimaliza shamba lenu kabla udongo haujafunga, deni la nini? Mkiona siku zinawaishia ekari zikiwa bado, na majirani wanasubiri foleni kukodi, hapo njoo tena na daftari hilo, tuzungumze juu ya farasi 80. Na lile bawa la tatu msiliuze. Kwenye kipande chochote chenye kichanga mnaweza kulirudisha.

Kufungua bawa kunahitaji watu wawili, mmoja ashike na mwingine afungue kwa spana, maana chuma kile kikianguka hakichagui mguu. Muombe mdogo wako radhi kwanza, kisha umkabidhi spana yeye.